Usajili wa uuguzi nje ya nchi: muuguzi wa Mtwara na Lindi aanzie wapi

Mtu akikufuata kazini katika hospitali ya Ligula, Sokoine au Mkomaindo, au kwenye zahanati ya kijijini, akakuambia ana nafasi za wauguzi Uingereza au Ujerumani na kwamba ukimpa milioni kadhaa atakushughulikia usajili mpaka mwisho, mkatalie. Usajili wa uuguzi katika nchi hizo ni wa mtu binafsi. Akaunti hufunguliwa kwa jina lako, mtihani unaufanya wewe, na uthibitisho wa leseni yako hutoka baraza letu la uuguzi kwenda baraza la kule moja kwa moja. Hakuna hatua hata moja ambayo mtu wa kati anaweza kuivuka kwa niaba yako.

Kuna sababu nyingine ya kumkatalia. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilipitisha kanuni za maadili kuhusu kuajiri wahudumu wa afya kutoka nchi nyingine, na mwaka 2023 likatoa orodha ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa wahudumu hao. Tanzania imo. Uingereza imeigeuza orodha hiyo kuwa orodha yake nyekundu: waajiri na mawakala wake hawatakiwi kuja kusaka wauguzi huku. Ujerumani nayo imeandika kwenye kanuni zake za ajira kwamba mawakala binafsi hawaruhusiwi kuchukua wauguzi kutoka nchi za orodha hiyo. Jambo hilo limeachiwa wakala wa ajira wa serikali yao. Muuguzi anayeomba mwenyewe, kwa hiari yake, hazuiwi. Ndiyo maana mwongozo huu wote unakufundisha kupita mwenyewe.

Siandiki kumshawishi mtu aondoke. Kila anayefanya kazi Liwale au Nanyumbu anajua maana ya zahanati kubaki na muuguzi mmoja, usiku na mchana. Lakini aliyekwisha kuamua ana haki ya kujua njia halali, na kuijua kabla hajauza shamba la mikorosho.

Hatua ya kwanza: jua ngazi yako inapokelewa wapi

Hapa ndipo wengi wanapokosea kwa kukimbilia mtihani. Nchi hizi huuliza kwanza ulisomea nini, kisha kama umesajiliwa kwenu, ndipo mtihani unafuata.

Mwenye stashahada ya miaka mitatu, yaani ngazi ya 6 ya tuzo za ufundi (NTA), au shahada ya uuguzi, na aliyesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, ana msingi wa kuomba kama muuguzi kamili. Mwenye cheti cha miaka miwili, NTA ngazi ya 5, kwa sehemu kubwa atakataliwa kwenye usajili huo hata awe na uzoefu wa miaka kumi na tano wodini. Ushauri wangu kwake ni mmoja: jiendeleze kwanza hadi stashahada. Kutumia akiba yako kwenye maombi ya nje ukiwa na cheti ni kuipoteza.

Jambo la pili linawagusa sana wenzetu wa wodi ya wazazi. Sisi tunasomeshwa uuguzi na ukunga pamoja na tunasajiliwa kwa pamoja. Uingereza, Ujerumani na Marekani, ukunga ni taaluma inayojitegemea, yenye usajili wake. Baraza la Uingereza, ambalo ni NMC, lina sehemu ya wakunga peke yao, na upande wa wauguzi limegawanya: wauguzi wa watu wazima, wa watoto, wa afya ya akili, na wa watu wenye ulemavu wa kujifunza. Itakubidi uchague sehemu moja kwanza. Mafunzo yetu ya jumla huelekea zaidi kwa wauguzi wa watu wazima, na huko ndiko wengi huomba. Ikiwa miaka yako yote ya kazi umekuwa ukizalisha, tenga muda wa kurudi wodi ya wanaume, wodi ya upasuaji na chumba cha wagonjwa mahututi kabla ya kulipia mtihani, kwa sababu maswali hayatakuuliza kuhusu uchungu wa uzazi peke yake.

Hatua ya pili: majina

Hii ni hatua ya karatasi tu, lakini huku kwetu kusini ndiyo inayokwamisha watu kuliko hesabu za dawa. Wamakonde, Wayao, Wamwera na Wamakua tuna desturi ya mtoto kupewa jina jipya akitoka jandoni au unyagoni. Mtu akaanza darasa la kwanza kwa jina moja, akamaliza sekondari kwa jingine, cheti cha kuzaliwa kikaja kutafutwa RITA akiwa mtu mzima. Ongeza tahajia: Hadija na Khadija, Mohamedi na Mohamed, Saidi na Said. Ongeza mama aliyeolewa akachukua jina la mume kwenye kitambulisho cha NIDA, ilhali leseni yake ina jina la baba. Kwa macho yetu huyo ni mtu yuleyule. Kwa mhakiki aliyeko London au Dubai, hao ni watu wawili.

Fanya hivi. Chukua karatasi uziandike nyaraka zako zote kwa mstari: cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita kama unacho, cha chuo, transkripti, cheti cha usajili, leseni, kitambulisho cha taifa, cheti cha ndoa. Mbele ya kila moja nakili jina kama lilivyoandikwa, herufi kwa herufi, pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Ukiona tofauti, usiombe pasipoti kwanza. Amua jina moja ambalo lipo kwenye vyeti vya taaluma, kwa sababu hivyo ndivyo vigumu kubadilisha, halafu sogeza nyaraka nyingine zifuate. Tofauti ndogo ya tahajia huelezwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili. Jina lililobadilika kabisa linahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa rasmi. Tarehe za kuzaliwa zinazopingana ni ngumu zaidi. Anza kuzishughulikia mapema, RITA na NIDA.

Pasipoti ya kielektroniki ya kawaida ni shilingi 150,000, na maombi huanzia mtandaoni kisha ofisi ya Uhamiaji ya mkoa. Ikitoka, jina lililo humo ndilo utakaloandika kila mahali, kuanzia akaunti ya mtihani hadi tiketi ya ndege. Siku ya mtihani wasimamizi hulinganisha kitambulisho na jina ulilojisajilia, na lisipolingana hurudishwi ada.

Hatua ya tatu: leseni hai na uthibitisho wa baraza

Baraza lolote la nje litaliuliza baraza letu mambo matatu: je, huyu amesajiliwa, leseni yake iko hai, na je, kuna shauri lolote la nidhamu juu yake. Jibu hutumwa na baraza lenyewe. Barua uliyoibeba wewe kwenye bahasha haikubaliki hata ikiwa na muhuri.

Kwa hiyo, kabla ya kuanza, ingia kwenye mfumo wa baraza uhakikishe leseni yako haijaisha, na kwamba taarifa zako, hasa namba ya simu, barua pepe na ngazi ya elimu, ni za sasa. Aliyejiendeleza kutoka cheti hadi stashahada aangalie kama usajili wake nao ulipandishwa. Kuna walio na stashahada kabatini huku rejista ikiwaonyesha bado ni wa ngazi ya cheti.

Chuo chako nacho kitaandikiwa. Marekani hutaka chuo kijaze fomu ya masomo, yenye kuonyesha saa za nadharia na za vitendo kwa kila somo, na kuituma chenyewe. Nchi za Ghuba hutumia kampuni ya uhakiki iitwayo DataFlow, ambayo huwaandikia chuo, baraza na mwajiri wako kuwauliza kama vyeti ulivyoleta ni vya kweli. Ikiwa ulisoma Ndanda au chuo kingine cha huku, nenda mwenyewe kwa msajili wa chuo, mweleze barua itakayokuja, muachie nakala ya transkripti yako na umuulize barua pepe rasmi inayosomwa kila siku. Safari hiyo moja huokoa miezi. Chuo kikiwa kimebadilishwa jina tangu umalize, omba barua inayoeleza jina la zamani na jipya.

Fanya hivyohivyo kwa mwajiri. Barua ya uzoefu iseme wodi ulizofanyia kazi na tarehe za kuanza na kumaliza, na tarehe hizo zilingane na zilizo kwenye faili lako kwa afisa utumishi wa halmashauri au hospitali. Usijiongezee hata mwezi mmoja. Uhakiki ukikuta udanganyifu, taarifa hubaki kwenye kumbukumbu na hukufuata kila unapoomba.

Hatua ya nne: Kiingereza

Tumesomeshwa uuguzi kwa Kiingereza, lakini kwa NMC hilo peke yake halitoshi kwa anayetoka nchi ambayo Kiingereza si lugha ya wengi. Unahitaji mtihani. Ipo miwili inayokubaliwa.

IELTS, ule wa Academic, unataka alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. OET, ambao umetungwa kwa ajili ya watu wa afya, unataka daraja B katika hayo matatu na C+ katika kuandika. Ukikosa kidogo mara ya kwanza unaweza kuunganisha matokeo ya mitihani miwili iliyofanyika ndani ya miezi 12, mradi hakuna alama iliyoshuka chini ya kiwango cha chini walichoweka. Matokeo ya mitihani hii huisha nguvu baada ya miaka 2, kwa hiyo usikimbilie kuufanya kabla karatasi zako hazijanyooka.

Uchague upi? Kwa muuguzi anayefanya kazi, mimi naupendelea OET. IELTS inaweza kukupa makala kuhusu nyuki au historia ya reli, kisha ikutake uandike hoja juu ya usafiri wa mijini. OET inakupa maelezo ya mgonjwa na kukutaka uandike barua ya maneno 180 hadi 200, mara nyingi ya kumhamishia mgonjwa kwa mtu mwingine. Muuguzi wa kituo cha afya aliyekwisha kuandika rufaa kwenda Ligula au Sokoine anaijua kazi hiyo. Kinachomshinda ni mpangilio: anataka kuandika kila alichokiona. Mpokeaji wa barua anataka kujua kwa nini anaandikiwa, hali ya sasa, na anaombwa afanye nini, na hayo yaje mwanzoni. Jizoeze hivi: kila rufaa unayoandika kazini, irudie jioni nyumbani kwa Kiingereza kwenye daftari, bila jina la mgonjwa, ndani ya dakika 45. Mpe mwenzako aisome akuambie mgonjwa ana nini na anahitaji nini. Akishindwa kusema, barua imeshindwa.

Kuzungumza katika OET ni maigizo mawili: wewe muuguzi, msimamizi ni mgonjwa au ndugu. Hapa tabia yetu ya kumpa mgonjwa amri haifai. Uliza anajua nini, sikiliza, eleza kwa maneno mepesi, hakikisha ameelewa.

British Council, inayosimamia IELTS, iko Dar es Salaam, na huko kuna barabara ya kuifikiria. Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya vilikata barabara ya Lindi kwenda Dar eneo la Somanga, magari yakalala njiani. Ukipangiwa mtihani wakati wa masika, ondoka siku kadhaa mapema.

Uingereza: mtihani wa kompyuta

NMC ina mtihani wa sehemu mbili: wa kompyuta, uitwao CBT, unaofanyika kwenye vituo vya Pearson VUE katika nchi mbalimbali, na wa vitendo, uitwao OSCE, unaofanyika Uingereza tu. CBT nao una vipande viwili: maswali 15 ya hesabu kwa dakika 30, na maswali 100 ya uuguzi kwa saa mbili na nusu. Unaweza kufaulu kipande kimoja na kurudia kingine.

Kwenye hesabu hakuna majibu ya kuchagua. Namba unaiandika mwenyewe, hivyo kubahatisha hakupo. Hesabu zenyewe unazifanya kila zamu, ila huenda unazifanya kwa mazoea. Mtoto wa kilo 14 ameandikiwa paracetamol miligramu 15 kwa kila kilo. Dozi ni miligramu 210. Dawa ya maji ina miligramu 120 ndani ya mililita 5. Gawanya 210 kwa 120 upate 1.75, zidisha kwa 5: mililita 8.75. Aliyezoea kusema "kijiko kimoja na nusu" ataandika 7.5 na kukosa.

Dripu ya lita moja kwa saa 8, na mrija unaotoa matone 20 kwa mililita: 1000 mara 20, gawanya kwa dakika 480, unapata 41.67, yaani matone 42 kwa dakika. Kule mashine ndizo hutumika zaidi, hivyo swali hilohilo huulizwa kwa mililita kwa saa: 1000 kwa 8, jibu 125. Soma swali linataka kipimo gani. Mtego mwingine ni mikrogramu na miligramu: digoksini miligramu 0.25 ni mikrogramu 250. Nukta ikihama mara moja, mgonjwa amepewa mara kumi.

Maswali 100 yanapima zaidi maamuzi: mgonjwa anakataa dawa, ndugu anaomba taarifa za mgonjwa kwenye simu, mwenzako amekosea dozi na anataka mnyamaze. Kitabu cha kusoma ni Kanuni za Maadili za NMC, na kinapatikana bure. Kisome mpaka ujue NMC ingesema nini mahali ambapo wewe ungesema "mwite muuguzi mfawidhi aamue".

Uingereza: OSCE

OSCE ina vituo 10. Vinne vinamfuata mgonjwa mmoja: kumtathmini, kupanga huduma, kutekeleza, na kumkabidhi kwa mwingine. Vinne ni vya ujuzi wa mikono. Viwili ni vya maandishi, kuhusu maadili na kuhusu kutumia utafiti kazini.

Wauguzi wetu mikono wanayo. Mtu aliyetafuta mshipa kwa mwanga wa simu hashindwi kutoboa. Wanaangushwa na yale ambayo kwenye wodi ya wagonjwa arobaini hayana muda: kunawa mikono kabla na baada ya kila mgusano, kujitambulisha, kumuuliza mgonjwa jina kamili na tarehe ya kuzaliwa na kulinganisha na bangili ya mkononi, kumuuliza mzio wa dawa, kuomba ridhaa kabla ya kumgusa, na kuandika saa na sahihi. Kila kimoja kina alama zake, na kusahau mzio kabla ya kutoa dawa kunatosha kukuangusha kituo kizima. Vianze sasa, hapa hapa, kwa mgonjwa mmoja kila zamu, useme kwa sauti unachofanya. Vikishakuwa mazoea havikutoki siku ya mtihani.

Jifunze pia NEWS2, mfumo wa alama ambao Chuo cha Kifalme cha Matabibu cha London kiliutoa mwaka 2017. Unapima upumuaji, oksijeni ya damu, kama mgonjwa anapewa oksijeni, shinikizo la juu la damu, mapigo, kujitambua na joto, na kila kimoja hupewa alama 0 hadi 3, isipokuwa kupewa oksijeni ambako ni 0 au 2. Mchukue mgonjwa wa kawaida wa wodi zetu: anapumua mara 22 kwa dakika, alama 2. Oksijeni 94 bila msaada, alama 1. Shinikizo la juu 104, alama 1. Mapigo 112, alama 2. Joto 38.6, alama 1. Anajitambua vizuri, 0. Ukimtazama anaonekana mtu wa homa tu, anazungumza, anaomba chai. Jumla yake ni 7, na 7 kule ni dharura: unaita timu sasa hivi. Jumla ya 5 au 6 inataka tathmini ya haraka, na hata alama 3 kwenye kipimo kimoja peke yake huwezi kuinyamazia. Kwangu mimi hili ndilo somo lenye faida hata kwa asiyesafiri. Chati hiyo haihitaji mashine yoyote zaidi ya kipima oksijeni, kipima shinikizo, kipima joto na saa.

Kituo cha makabidhiano hutumia mpangilio uitwao SBAR: hali ilivyo sasa, historia fupi, tathmini yako, na unachopendekeza. Jizoezeni wawili wawili wakati wa kubadilishana zamu.

Ukishindwa OSCE mara ya tatu unalazimika kusubiri miezi 6 na kuanza maombi upya. Na mpaka ufaulu, kule hulipwi wala hutambuliwi kama muuguzi. Unafanya kazi ya ngazi ya chini chini ya usimamizi.

Ujerumani

Hospitali za Ndanda na Nyangao zilijengwa na wamisionari Wabenediktini kutoka Ujerumani. Misheni ya Ndanda yenyewe ilianzishwa mwaka 1906. Bado wapo watawa na madaktari wanaokizungumza Kijerumani huku. Ukiwa karibu nao, una nafasi ya kujizoeza lugha ambayo mtu wa Dar anailipia.

Kule usajili uko chini ya kila jimbo, hivyo mahali utakapofanya kazi ndipo utakapoombea. Mamlaka ya jimbo hulinganisha masomo yako na ya kwao, na kwa kawaida hukuandikia barua inayoonyesha mapungufu. Unachagua namna ya kuyaziba: kufanya mtihani wa maarifa, wenye sehemu ya kuhojiwa na sehemu ya kumhudumia mgonjwa wodini, au kuhudhuria mafunzo ya kujaziliza hospitalini. Asiyependa mitihani achukue mafunzo. Huchukua muda mrefu lakini unajifunza kazi ukiwa kazini. Tangu Januari 2020 Ujerumani imeunganisha uuguzi wa watu wazima, watoto na wazee kuwa taaluma moja, na hilo linaufaa msingi wetu wa jumla.

Lugha ndiyo mlima. Ngazi za lugha hupanda kutoka A1, A2, B1 hadi B2 na kuendelea, na leseni kamili inataka Kijerumani cha B2, yaani uweze kupokea zamu kwa simu na kuandika maelezo ya mgonjwa. Goethe-Institut ya Dar es Salaam inafundisha na kutahini. Tangu Machi 2024 ipo njia inayomruhusu mtu kuingia na A2 akiwa na mkataba wa mwajiri, huku akiendelea na utambuzi wa vyeti akiwa kule. Inavutia, lakini A2 wodini ni kuteseka. Nakushauri ufike B1 kabla hujapanda ndege.

Marekani na nchi za Ghuba

Marekani mtihani ni NCLEX-RN. Unaomba kwanza kwa bodi ya uuguzi ya jimbo moja, vyeti vikatathminiwa, ndipo unaruhusiwa kufanya mtihani. Kompyuta hukupa swali linalofuata kulingana na ulivyojibu lililopita, kuanzia maswali 85 hadi 150 ndani ya saa 5. Tangu Aprili 2023 yamo maswali ya mgonjwa mmoja unayemfuatilia kwa hatua sita. Ada ni dola 200, na wanaofanyia nje ya Marekani huongezewa dola 150. Ukishindwa unasubiri siku 45. Jizoeze majina ya dawa ya kwao: paracetamol ni acetaminophen, salbutamol ni albuterol, adrenalini ni epinephrine. Uzito unaweza kupewa kwa ratili. Kilo moja ni ratili 2.2. Zaidi ya mtihani, viza ya kazi inahitaji cheti cha uhakiki wa elimu, leseni na Kiingereza chako kiitwacho VisaScreen, na foleni ya viza zenyewe huchukua miaka. Usiache kazi kwa sababu umefaulu NCLEX.

Ghuba, mitihani ni ya kuchagua majibu kwenye kompyuta, mara nyingi chini ya kampuni ya Prometric, na uhakiki ni wa DataFlow. Angalizo ni kwamba Dubai, Abu Dhabi na Saudia kila moja ina mamlaka yake ya leseni. Jua mji kabla ya kulipa.

Pesa, ruhusa na mkataba

Kwa Uingereza, hadi mwaka 2024 ada za NMC zilikuwa pauni 140 za kufungua maombi, 83 za CBT, 794 za OSCE na 153 za usajili: jumla pauni 1,170. Hizo ni kabla ya mtihani wa Kiingereza, viza, kipimo cha kifua kikuu na nauli. Waajiri wengi wa kule hugharamia OSCE. Uliza hilo kwenye usaili, na uliza pia ukiondoka mapema utadaiwa kiasi gani. Kanuni zao zinakataza wakala kumtoza mwombaji ada ya kumpatia kazi. Nafasi zimetangazwa wazi kwenye NHS Jobs, tovuti ya ajira ya huduma ya afya ya umma ya Uingereza, na kuomba ni bure. Anayekuuzia kazi ya uhudumu wa wazee kule ujue viza ya kazi hiyo kwa waajiriwa wapya kutoka nje ilifungwa Julai 22, 2025.

Ukipata ofa kutoka nchi yoyote, ipeleke Ofisi ya Kazi ya mkoa au kwa TaESA, wakala wa ajira wa serikali, waihakiki pamoja na leseni ya aliyeileta.

Mtumishi wa umma asitoroke. Andika barua kwa mwajiri kupitia kwa mganga mfawidhi, omba likizo bila malipo au jiuzulu kwa utaratibu. Kesi ya utoro itasomwa siku baraza la nje litakapouliza nidhamu yako.

Ukishasajiliwa Uingereza, kila miaka 3 utathibitisha tena usajili wako: saa 450 za kazi, saa 35 za mafunzo, maoni 5 kutoka kwa watu uliowahudumia au kufanya nao kazi, na maandishi 5 ya kutafakari kazi yako. Fungua faili la hayo wiki ya kwanza kazini. Na leseni ya Tanzania endelea kuihuisha ukiwa hukohuko, kwa sababu ukihamia nchi ya tatu, au ukirudi Mtwara, watakaoulizwa ni baraza letu tena.